Soketi Isiyo na Mwenzake

Norman Tedds alipopoteza kitu, mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa mkewe, na wa pili alikuwa mkewe tena. Kwa hiyo Beryl aliposikia jina lake likiitwa kutoka gereji, aliacha viazi kwenye sinki, akajifuta mikono kwa aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma akijua kabisa kwamba anakwenda kushtakiwa. Alichokuwa hajakijua ni kosa lenyewe tu.

Boneti ya Arden, gari lao la kale, ilikuwa wazi. Norman alikuwa amefunga rejeta mpya wiki ile, yeye na jirani yao Bwana Bhogal, na sasa alikuwa ameinama pembeni yake, miwani imemteremkia puani. Kati ya vidole viwili alishika soketi ya plastiki, nyeupe iliyogeuka manjano kwa uzee. Nyuma yake ziliingia nyaya mbili, mmoja wa kahawia na mmoja mweusi. Mbele hakukuchomekwa kitu.

"Hii ni ya nini?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayeingia humu na fagio lako. Kulikuwa na kitu hapa. Kimechomolewa. Kiko wapi?"

Beryl alisogea. Hakuhitaji hata miwani. Ujana wake wote uliishia kwenye soketi za namna hiyo, katika kiwanda kidogo upande wa pili wa mji wao wa Coventry, Uingereza, ambako wanawake walisimama mbele ya mbao zilizopigiliwa misumari, wakalaza nyaya kufuata misumari hiyo, wakazizungushia tepu mpaka vidole vikawafa ganzi. Mafungu yao ya nyaya yalipakiwa kwenye lori na kupelekwa kiwanda kikubwa cha magari, na huko wanaume kama Norman waliyafunga ndani ya Arden na kupata mshahara mnene zaidi na jina pia.

"Hapo hapajawahi kuchomekwa kitu," alisema. "Hiyo ni ya feni ya umeme. Arden Sport ilikuwa nayo, hii yetu ya kawaida haikuwa nayo. Sisi tulisuka fungu moja kwa magari yote. Nyie mkifika kwenye gari la kawaida, mnaikunja soketi nyuma, mnaifunga kwa tepu, mnaificha. Tepu imeoza, imedondoka. Ndiyo hivyo tu."

Norman alimtazama kama anayemsikiliza mtoto akieleza mambo ya benki.

"Beryl, nyaya hizi nani alizifunga kwenye magari? Mimi au wewe?"

"Mimi nilizisuka."

"Kusuka ni kusuka. Ulikuwa unafuata misumari. Gari lenyewe hukuliona."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimchoma. Lakini si hilo lililomtia hofu. Norman mwenyewe alikuwa amezikunja soketi hizo nyuma, kila siku ya kazi, maelfu kwa maelfu. Zaidi ya hapo, soketi hiyo ilikuwa kichekesho chake. Kila mgeni aliyewahi kula kwao alikisikia: kwamba gari la maskini limebeba nyaya za tajiri na wala halijui. Alikisema hata siku ya harusi ya binti yao, akiwa na glasi mkononi, na watu wakacheka.

"Norman," alisema taratibu, "kile kichekesho chako. Cha gari la maskini."

"Kichekesho gani?" alisema Norman, na akaanza kupekua makopo ya skrubu.

*

Jumapili ya klabu ilifika. Wenye magari ya kale ya mji ule hukutana nyuma ya baa, wanayapanga magari kwa mstari, wanafungua boneti, halafu wanatembea wakiwa wamefunga mikono mgongoni, kwa kuwa gari la mtu haliguswi mpaka mwenyewe aseme. Wake zao hukaa kwenye viti vya kukunja, na chupa za chai na sandwichi za nyama ya nguruwe na haradali, wakizungumza mambo yanayowahusu zaidi. Beryl alikuwa amekaa karibu. Njia nzima alikuwa amemwambia Norman pa kukata kona, kwa sauti ya mtu anayejisemea, ili Norman asione kwamba anaelekezwa.

Zamani wanaume wale walimjia Norman. Wengi wao walikuwa wamestaafu kutoka maofisini na walinunua Arden zao kama mtu anavyonunua saa ya ukutani. Mwenyekiti, Clive Pargeter, alikuwa meneja wa benki. Walimwita Norman profesa, na Norman alijifanya hapendi. Siku hiyo ndiye aliyewaita.

"Hebu njooni mwone hii," alisema. "Kuna kitu kimeng'olewa hapa. Mnadhani kilikuwa nini?"

Wakaja, wakainama. Beryl alimwona Dougie Sparrow akiinama, Dougie aliyefanya kazi kiwandani ng'ambo ya gari lilelile na Norman, mmoja kulia na mwenzake kushoto, tangu wote wawili wana nywele. Dougie aliitazama soketi, akamtazama Norman, kisha akaitazama lami.

"Wewe mwenyewe unaonaje, Norman?" aliuliza Clive, kwa ile sauti ya taratibu ambayo watu huitumia hospitalini.

"Ningejua ningewauliza?"

"Labda ya taa ya ukungu," alisema mmoja.

"Au honi," alisema mwingine. "Honi ya pili, pengine."

"Inaweza kuwa honi," Clive alikubali. "Inaweza kabisa."

Beryl aliwatazama mmoja mmoja, na kikombe kikamtulia mkononi. Walikuwa wanajua. Walikuwa na soketi hiyohiyo kwenye magari yao, na aliyewafundisha ni ya nini alikuwa Norman. Kichekesho chake walikuwa wamekisikia mpaka wakakichoka. Sasa walikuwa wanadanganya kwa zamu, watu wazima, kwa huruma, na Norman alikuwa anatikisa kichwa kwa makini akizipima honi na taa za ukungu kana kwamba anasaidiwa. Hilo lilimshinda Beryl. Angeweza kuvumilia Norman asahau, lakini si kumwona akifanywa mtoto na watu aliowafundisha.

"Ni ya feni ya Sport," alisema kwa sauti. "Dougie, mwambie."

Dougie alijikuna shingo. "Ndiyo, Norm. Ya feni. Tulikuwa tunaikunja nyuma, hukumbuki? Mimi nakushikia, wewe unafunga."

Norman alisimama wima. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nawapima tu."

Wote wakacheka, kwa nguvu kuliko lilivyostahili jambo lenyewe, na Clive akampiga mgongoni akasema umetupata kweli profesa. Dougie hakucheka. Beryl alimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Walirudi nyumbani. Mlangoni, funguo zikiwa bado mkononi, Norman alisema, "Usinifanyie hivyo tena mbele za watu."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ulikuwa unaonyesha watu kwamba una mume mjinga."

Asubuhi iliyofuata, feni ilikuwa imemtoka Norman kichwani. Aliingia jikoni na swali lilelile, hii soketi ni ya nini na kilichokuwepo kiko wapi. Lakini aibu ya nyuma ya baa haikumtoka. Hiyo aliikumbuka yote, mahali aliposimama kila mtu na nani alicheka, na aliirudia kwa Beryl mezani, kitandani na bafuni akinyoa ndevu. Beryl hakuelewa ugonjwa gani unaochagua namna ile.

*

Baada ya hapo nyumba haikukalika. Droo zilimwagwa. Kabati la chini ya ngazi lilitolewa vitu vyote mpaka koti la marehemu mama yake Beryl. Beryl alimweleza ukweli asubuhi, akamweleza mchana, kwa upole, kwa ukali, hata kwa mchoro alioupiga nyuma ya bahasha. Kila mara Norman alisikia jambo moja tu, kwamba anaambiwa amechanganyikiwa, na kila mara alipandwa na hasira upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Kwake ilikuwa ni mara ya kwanza. Aliyechakaa kwa kurudiwa alikuwa Beryl.

Kisha Norman akamkumbuka Bwana Bhogal.

Beryl alikuwa akianika nguo alipoona lango liko wazi. Alipofika mtaani, jirani yao alikuwa tayari anamleta Norman, amemshika kiwiko kwa heshima kama anayemsindikiza mgeni harusini. Norman alikuwa na ndala miguuni na bisibisi mkononi.

"Alikuwepo tulipofunga rejeta," Norman alikuwa anasema. "Hakukuwa na mwingine. Sisemi ni mwizi. Nasema arudishe tu, yaishe."

"Tutaangalia tena, Bwana Norman," alisema Bhogal. "Nitapekua mifuko yangu yote."

Norman alipoingia ndani, Bhogal alibaki kwenye ngazi, akavuta ndevu zake nyeupe. "Bi Beryl, mimi sijaudhika. Mtu huyu alinifunza kuendesha kwenye barafu. Lakini mkwe wangu ndiye aliyefungua mlango, ana mtoto mchanga kifuani, na huyu amesimama na bisibisi anapiga kelele mwizi, mwizi. Mtaa mzima umesikia. Nimemzuia asipige simu polisi. Mara ijayo sijui kama nitakuwa nyumbani."

"Nisamehe."

"Wewe unaomba msamaha wa nini?" alisema, akaenda zake. Beryl aliona kwamba mbele ya nyumba tatu mapazia yalikuwa yamesogezwa kidogo.

Binti yao Lorraine alikuja siku ileile, hata koti hakuvua. Alimbusu baba yake, akamwashia televisheni, akafunga mlango wa jikoni.

"Mama, safari hii ni Bwana Bhogal, mtu mwenye subira. Ijayo itakuwa mtu mwingine."

"Anatafuta kitu chake tu."

"Kitu ambacho hakipo. Wewe mwenyewe umesema hakijawahi kuwepo." Lorraine alishusha sauti. "Nimeongea na ile nyumba ya wazee karibu na kwangu. Wana chumba. Kina dirisha la bustanini."

"Baba yako si kabati la kupeleka stoo."

"Nani kasema kabati? Umejitazama kwenye kioo? Wewe hulali. Sikiliza, Mama. Akienda tena kwa mlango wa mtu, tena mara moja tu, nakuja kumchukua. Na hutanizuia, kwa sababu utakuwa umechoka mno kunizuia."

Beryl alikunja taulo la vyombo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Basi ikate hiyo soketi," Lorraine alisema. "Ikate tuitupe, tumalize."

"Nikiikata atatafuta na soketi."

Lorraine alicheka kidogo bila kutaka, kisha akalia kidogo. Akanywa maji ya bomba, akaondoka kwenda kuchukua watoto shuleni.

*

Ukweli ulikuwa umeshindwa kazi. Beryl alilifikiria jambo hilo siku nzima akipiga pasi, na alipomaliza mashati alikuwa ameamua. Kama Norman hawezi kuishi na soketi isiyo na mwenzake, basi itapata mwenzake.

Alingoja mchana, Norman akiwa amesinzia kwenye kiti. Kutoka kwenye sanduku la vifaa vya karavani, trela ya kulala safarini waliyokuwa nayo zamani, alitoa taa ndogo yenye swichi yake ubavuni. Chini ya meza ya gereji Norman alikuwa ameweka makopo ya plagi kuukuu zisizo na kazi, na humo akapata inayoingia kwenye soketi ile. Kitu kimoja ndicho kilichokuwa chake: msokoto wa tepu ya kiwandani, ile isiyo na gundi, aliouficha chini ya sketi siku walipofunga kiwanda na kuwaambia wanawake wasirudi Jumatatu. Hakuwahi kujua aliuchukua wa nini.

Waya wa kahawia una moto wakati wote, gari likiwa limezimwa au limewashwa. Ukigusana na mweusi, fungu zima la nyaya huungua mpaka kwenye dashibodi. Kwa hiyo alianza na fyuzi, ya kukata umeme nyaya zikigusana. Kisha akazipima nyaya za taa kwa urefu wa kiganja chake, kama walivyofundishwa, akazivuta zikanyooka, na akaanza kufunga. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi na mara ya kwanza tepu ilimponyoka. Mara ya pili mikono ilijua yenyewe. Kila mzunguko ulilala nusu juu ya mwenzake, bila kunyanzi wala kulegea, na mwisho aliufunga ule msuko wa kuingiza ncha ya tepu chini, ambao msimamizi wao, mwanamke mkali aliyekufa zamani, aliwapiga vibao mikononi wasipouweza. Akaitazama kazi yake kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nzuri kuliko alizowahi kufanya akiwa na miaka ishirini, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Akaipaka grisi na vumbi la sakafuni mpaka ikazeeka.

Norman alipoamka, Beryl alisimama mbele ya televisheni. Alikuwa ameyapanga maneno.

"Norman. Nimekipata kile kitu. Ni mimi niliyekichukua. Nilikuwa nasafisha gereji, nikadhani ni uchafu, nikakitia kwenye mfuko wa matambara. Nisamehe."

Alijiandaa kwa kelele. Norman aliipokea taa kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akatoka nayo. Beryl alimfuata. Plagi iliingia kwenye soketi na kulia tiki. Norman alibonyeza swichi, na mwanga mdogo wa manjano ukaangukia rejeta mpya, betri, na mikono yake yenye mabaka.

"Taa ya boneti," alisema. "Bila shaka. Taa ya boneti." Akageuka, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Nilikwambia, Beryl. Nilikwambia kuna kitu. Mlinifanya nijione mwendawazimu, wewe na Dougie na feni yenu."

"Ndiyo."

"Mimi nilijua. Miaka yote ile, ningesahauje?"

"Usingeweza kusahau," alisema Beryl.

Norman akamkumbatia, akinuka grisi na sabuni ya kunyolea. "Basi, bibie. Usijisumbue. Wewe ungejuaje?"

Usiku ule Norman alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu rejeta ifungwe, na asubuhi alipiga hodi kwa Bwana Bhogal akiwa amevaa viatu na tai, kuomba radhi. Beryl alimsikia kupitia uzio. Mwizi alikuwa mkewe, Norman alisema, kumbe muda wote alikuwa naye kitanda kimoja. Bhogal alicheka kwa adabu. Kisha akamwona Beryl kwenye kamba ya nguo, na kicheko kikaisha.

Lorraine alipigiwa simu. "Sawa," alisema. "Nitawaambia chumba wampe mwingine. Kwa sasa."

*

Jumapili iliyofuata ya klabu ilikuwa na jua. Norman hakungoja watu waje. Alifungua boneti, akawasha taa ingawa ni mchana kweupe, akawaita kwa jina mmoja mmoja, na wakaja na mikono yao mgongoni.

"Feni, mlisema," alisema. "Honi. Wengine taa ya ukungu. Haya, tazameni."

Wakatazama. Hakuna Arden iliyowahi kutoka kiwandani na taa ya boneti, ya Sport wala ya kawaida, na hapo hapakuwa na mtu asiyelijua hilo. Clive Pargeter alikohoa.

"Shika, Clive, nakuruhusu. Pitisha kidole hapa." Norman alikuwa na sauti yake ya zamani, ile ya profesa. "Unausikia ufungaji huo? Kila mzunguko nusu juu ya mwenzake. Na huo mwisho, uone unavyoingia chini. Hiyo ni kazi ya kiwanda chetu. Ndivyo tulivyofanya kazi sisi. Leo ukizunguka nchi nzima huna mtu wa kukufungia hivyo."

"Nzuri kweli," alisema Clive.

Dougie Sparrow ndiye aliyeinama muda mrefu kuliko wote. Alivaa miwani, akaufuata waya kwa macho kutoka kwenye taa mpaka kwenye plagi, akafika kwenye ule mwisho wa tepu, akakaa hapo. Alipoinuka, alivua kofia yake, akamtazama Beryl pale alipokaa na chupa ya chai. Vidole vya Beryl vilikuwa bado vina weusi wa grisi kwenye kucha. Hakuvificha.

"Ni kazi safi sana hii," alisema Dougie. "Sijaona kazi safi hivi miaka mingi."

"Sasa msikie kilichotokea," alisema Norman, na tayari alikuwa anacheka. "Dude hili, kazi kama hii, mnajua lilikuwa wapi? Bibie huyu alilitia kwenye mfuko wa matambara. Matambara ya kufutia sakafu. Na siku ile mlimsikia hapa akinifundisha gari."

Wakacheka. Safari hii hawakujilazimisha, maana walikuwa wamepata pa kuitua huruma yao. Clive alitikisa kichwa na kusema wanawake na gereji, jamani, na wake kwenye viti vya kukunja nao wakacheka, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa.

"Waambie, Beryl," alisema Norman, uso umemng'aa. "Waambie wewe mwenyewe."

Dougie alikuwa anasugua ukingo wa kofia yake kwa kidole gumba. Beryl aliweka kikombe chini ya kiti.

"Ni kweli," alisema. "Nilikitupa mimi. Sikujua ni cha nini."